Puto la Mtihani

Pa!

Mteja aliyekuwa kitini aliruka, na kama mke wa kinyozi asingekuwa na mkono mwepesi, siku hiyo mtu angerudi nyumbani na sikio moja.

"Tulia," alimwambia, akikirudisha kichwa chake mahali pake kwa vidole viwili. "Ni puto tu."

"Puto? Kuna sherehe gani huko nyuma?"

"Hakuna sherehe. Fundi anafanya mazoezi."

Mteja akautazama mlango wa stoo kupitia kioo, akaona hauna jipya, akafumba macho. Mke wa kinyozi akaendelea kushuka na wembe shavuni. Mkono ulikuwa umetulia. Kisichotulia kilikuwa moyo, kwa sababu puto lilipopasuka moyo wake ulifurahi. Ulifurahi kabla yeye mwenyewe hajaupa ruhusa. Aibu ilifika baadaye, kama polisi, mambo yakiwa yamekwisha.

Niwaeleze hayo maputo, maana asiyeijua kazi hii anaweza kudhani mtu amerukwa na akili. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa kinyozi wa wembe. Mashine ya umeme alikuwa nayo, lakini aliidharau, akisema ile ni ya kufyekea majani. Na yeyote aliyekuja kujifunza kwake hakugusa kidevu cha mtu kabla hajanyoa puto. Unalipuliza, unalipaka povu, kisha unalinyoa lote mpaka libaki safi bila kupasuka. Mwanzoni unapewa puto laini, lililojaa nusu, linalonesanesa. Ukiliweza, linaongezwa pumzi. La mwisho kabisa, Fundi aliliita puto la mtihani. Hilo hujazwa mpaka ngozi yake ing'ae, na ukiligusa kwa haraka au kwa hasira, umeshaachwa na kipande cha mpira mkononi na povu usoni. Wengi walishindwa hapo wakaenda kutafuta kazi nyingine, na ndivyo dunia ilivyopata makondakta.

Kisha kiharusi kikampiga Fundi mwenyewe. Kilimkuta dukani akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, na mteja aliyekuwa na povu kwenye shavu moja akatoka mbio barabarani kuita watu.

Mkewe, hadi siku hiyo, kazi yake dukani ilikuwa kuchemsha taulo, kufagia nywele na kucheka utani wa wateja hata usipochekesha. Hakushika wembe kwa ushujaa. Alianza kwa sababu mgonjwa alikuwa anaota ndevu. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na huyu hata angetaka asingeweza. Basi alijifunzia kwenye uso wa mumewe, pale pale kitandani, na alianza na shavu la kulia ambalo lilikuwa limekufa ganzi. Akimkata, alimfuta damu upesi na mgonjwa mwenyewe hakujua. Mpaka leo akikumbuka hilo husikia uso ukimwaka.

Alipolifungua duka, watu walimwonea huruma, lakini wakamwonea kwa mbali. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa dereva wa lori aliyekuwa na haraka ya safari. Aliondoka na vipande viwili vya karatasi vimebandikwa kidevuni. Wiki iliyofuata akarudi, sijui kwa nini. Wanaume wengine wana huruma ya ajabu. Baada yake wakaja wengine. Mke wa kinyozi aliwakata, akawaomba radhi, akawakata kidogo zaidi, kisha akawakata mara moja moja, na siku moja alipokuwa anasuuza wembe akagundua kwamba tangu asubuhi hajaomba radhi kwa mtu. Wateja wakambandika jina la Mama Wembe. Wakasema ana mkono mwepesi kuliko hata Fundi, na walipokwisha kusema hivyo walitazama pembeni.

Aliyegoma alikuwa mmoja tu, mzee mmoja fundi wa saa mwenye duka mkabala na lao. "Shingo hii," alitangaza, "imeguswa na watu watatu: mama aliyenizaa, marehemu mke wangu, na Fundi. Hapo tumefunga." Akaapa kutonyolewa mpaka Fundi arudi kazini. Kila wiki alivuka barabara, akaketi kwenye benchi, akauliza hali ya mgonjwa, akasoma gazeti la bure na kwenda zake. Ndevu zikashuka kidevuni, zikafika kifuani, na watu wakaanza kumwita Mjomba Ndevu. Mke wa kinyozi alizichukia ndevu zile. Kila zikirefuka zilimkumbusha kwamba kiti kile kina mwenyewe.

Nyumbani alikuwako wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, aliyehamia kwao kusaidia kuuguza. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye maneno mengi na uji mzito.

"Shida ni shule, wifi yangu," alikuwa akisema huku akikoroga. "Hebu jitazame! Ulikuwa huwezi hata kubishana na muuza mkaa, leo wanaume wazima wanakuletea shingo zao. Kama si ugonjwa wa mdogo wangu, nani angejua una mkono huu?"

"Ni kweli, wifi."

"Mungu akifunga mlango huu, anafungua ule. Umekomaa, mwenzangu. Umekomaa!"

Mke wa kinyozi alijiona kama mtu anayesifiwa kwa kunenepa msibani. Kwa sababu ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba alikuwa na furaha. Aliamka akiwa na hamu ya kufika dukani. Alipenda mlio wa wembe kwenye ndevu ngumu. Alipenda namna mwanaume mwenye makeke anavyokuwa mpole ukimwinua kidevu. Alipenda kuulizwa maoni yake na kusikilizwa. Na kila alichokipata, mwenzake alikuwa amekipoteza kwanza. Jioni alirudi nyumbani akiwa na wimbo mdomoni, na alipofika mlangoni aliumeza.

Fundi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alipoweza kushika kijiko, aliomba kupelekwa dukani. Alipoweza kushika kikombe, aliomba maputo.

"Nitaanza upya, kama mwanafunzi," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, yakipitia upande mmoja wa mdomo. "Ila kupuliza siwezi. Pumzi inavuja. Nipulizie wewe."

Akampulizia. Maputo ya mwanzo aliyapuliza laini, kama ya wanafunzi wapya, na yote yalipasuka kwa haki. Hapo alikuwa hana kosa, na ningependa mmhesabie hilo. Fundi alikaa stoo mbele ya kile kioo kidogo cha zamani, mkono wa kushoto umeshika puto, wa kulia umeshika wembe unaocheza, na kila lilipolia pa! mkewe alisikia uchungu wa kweli.

Halafu siku moja Fundi akatoka stoo akivuta mguu, puto mkononi, limenyolewa nusu nzima. Upande mmoja povu, upande mwingine safi kabisa.

"Ona!" alisema. Mdomo wake ulitabasamu kwa upande uliokuwa bado unamtii. "Ona, mke wangu!"

Wateja wakapiga makofi. Naye akapiga. Na wakati viganja vyake vikiendelea kupiga, macho yake yalikitazama kiti. Kilikuwa kimoja, na duka lile halikuwa na nafasi ya cha pili. Mlango wenyewe ukifunguliwa ulikuwa unagusa benchi. Akazikumbuka taulo. Sufuria ya taulo, mvuke wake, ufagio wa nywele, kicheko cha kulazimisha.

Mchana ule alipoombwa puto jingine, alilipuliza kama kawaida. Akataka kulifunga, asilifunge. Akaongeza pumzi moja. Kisha nyingine. Puto likang'aa mikononi mwake.

Pa!

Sababu nzuri hazimkosi mwenye kuzitafuta. Alijiambia kwamba daktari mwenyewe alisema mkono ule usiharakishwe. Alijiambia kwamba wembe kwenye koo la mtu si mchezo, na kwamba yeye ananusuru roho za watu. Alijiambia kwamba Fundi akishindwa kwenye puto ni afadhali kuliko kushindwa kwenye shingo. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Tangu hapo Fundi hakuvuka hata robo ya puto. Alikuwa akitoka stoo na povu kwenye nyusi, anaketi kwenye benchi na kuutazama mkono wake wa kulia. Siku moja mkewe alikuwa anamfuta uso kwa taulo ya moto, anamtoa kipande cha mpira mwekundu sikioni, Fundi akasema polepole:

"Mkono huu haunitaki tena. Labda niache."

Ndilo neno mkewe alilokuwa akilisubiri. Lilipofika, halikuwa na ladha.

"Usiache," alimwambia, na machozi yakamtoka. "Usiache, mume wangu. Unaendelea vizuri."

Fundi akamshika mkono kwa ule mkono mgonjwa, akaubana kidogo kadiri alivyoweza. Aliyaona yale machozi kuwa ni ya mapenzi. Na yalikuwa ya mapenzi, hapo ndipo ubaya ulipo. Kesho yake mwanamke yule yule alipuliza puto mpaka likakaribia kulia lenyewe.

Alijichukia. Alijiona mchawi, mchawi hasa, tofauti yake na wengine ni kwamba yeye alitumia pumzi badala ya hirizi. Chakula kilimshinda. Wifi yake akimsifu alikuwa anajibu kwa ukali, halafu anaomba msamaha, na wifi anasema ni uchovu wa kazi, masikini, mwacheni. Kuna asubuhi aliyoamka na nia safi kabisa: leo nitampulizia laini. Alitembea na nia hiyo kutoka nyumbani hadi pembeni mwa duka. Hapo muuza magazeti akamwita yeye, si mumewe, kwa sauti ya furaha, "Shikamoo Fundi!" Na nia yake ikaishia hapo, barabarani.

Sasa tuje kwenye siku mambo yalipogeuka. Alikuwa anamnyoa yule dereva wa lori, mteja wake wa kwanza, na Mjomba Ndevu yuko benchi na gazeti lake. Puto lilikuwa limeingia stoo kitambo, limejaa kama kawaida yake mbaya. Akawa anaisubiri pa! huku anafanya kazi. Akamaliza shavu la kwanza. Akageuza kichwa cha mteja, akapaka povu upya, akaanza la pili. Kimya. Akasogea na wembe hadi chini ya taya. Kimya bado. Mkono ukaanza kumtoka jasho, na dereva akasema, "Aah!"

Tone la damu lilikuwa limetoka pale pale palipokuwa na karatasi siku ile ya kwanza.

"Samahani," alisema. Alikuwa amelisahau neno hilo lilivyo mdomoni.

Pazia la stoo likasogea. Fundi alisimama pale, ameegemea fremu ya mlango, na juu ya kiganja chake kulikuwa na puto. Lilikuwa limejaa, linang'aa, safi, halina povu hata chembe. Hakusema "ona". Alisimama tu, na kwenye kioo macho yake yalikutana na ya mkewe.

Mjomba Ndevu alitupa gazeti. "Fundi! Umerudi! Wewe dereva, shuka! Ushanyolewa wewe, shuka!" Dereva hakuwa na nafasi ya kubisha. Alisukumwa akiwa na povu shingoni, mzee akajitupa kitini, akaziinua ndevu zake kwa mikono miwili kana kwamba anazikabidhi serikalini. "Nyoa!"

"Subiri kidogo, mjomba," alisema Fundi. "Nina neno na Mama Wembe."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mkewe akamfuata stoo. Ndani kulikuwa na ndoo, makopo ya poda na ya rangi, kile kioo cha zamani, na pakiti ya maputo iliyobaki kidogo.

"Nipulizie jingine," alisema Fundi.

Akachukua puto. Akalipuliza laini, nusu, la mwanafunzi mpya, kama alivyopaswa kufanya siku zote hizo, akampa. Fundi akalibonyeza kwa kidole gumba cha mkono wake mgonjwa, polepole, akamrudishia.

"Ongeza."

Akaongeza.

"Ongeza. Lijaze kama unavyonijazia kila siku."

Pumzi ikamwisha. Puto likamtoka mdomoni, likazunguka stoo nzima likitoa mlio wa aibu, likaanguka nyuma ya ndoo. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kopo la rangi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu la kwanza. Nimeshika maputo kabla sijakushika mkono wewe. Puto nalijua kwa kidole."

"Na hukusema kitu!"

"Nilikasirika. Nilitaka nitoke nikuaibishe mbele ya wateja. Lakini unaujua huu mdomo, nikikasirika maneno hayatoki." Alipumzika kidogo, akameza mate. "Hasira ilipopoa nikafikiri. Dada ananilisha uji, ananiambia nitapona, na huku viatu vyangu vya kazi ameshavigawa. Unajua hilo? Amevigawa. Huyo mjomba hapo nje anafuga ndevu kwa ajili yangu, lakini siku hizi anazichana na kuzipaka mafuta. Mtu hapaki mafuta ndevu anazosubiri kunyolewa. Wote wananipulizia laini. Aliyeniwekea ngumu ni wewe peke yako. Nikasema, mtu hamzibii njia asiyeweza kutembea. Kumbe natembea."

"Sikufanya kwa wema," alisema mkewe. "Usinivike wema usio wangu. Nilitaka ushindwe. Kila likipasuka nilifurahi."

"Najua. Sijasema ni wema."

"Basi nitukane!"

"Nitakutukana jioni. Nikikutukana sasa mkono utatetemeka, na mtu yuko kitini."

Alilia, na katikati ya kilio akacheka, na kucheka kukamzidishia aibu. Angepigwa kelele angepumua. Hili la kusubirishwa lilikuwa zito zaidi, na alijua kwamba jioni itafika na matusi yatakuja, na kwamba atayasikiliza yote amesimama. Halafu, katika hali ile ile, na pua inamtiririka, akajisikia akiuliza:

"Na kiti?"

Fundi akamtazama. Mdomo ukapinda kwa upande ule unaotii.

"Unaona? Hata sasa."

Akainama kwa taabu, akaliokota lile puto nyuma ya ndoo, akalipangusa kwenye shati, akamwekea mapajani. Juu yake akaweka wembe na brashi.

"Wewe hukufanya mtihani. Ulianza na watu moja kwa moja. Watu wanasamehe, ndiyo maana hujui kosa lako liko wapi. Lijaze mwenyewe, unyoe. Ya kiti tutaongea ukifaulu."

Akatoka. Mkewe akasikia kitambaa kikikung'utwa, mjomba akijikohoza kwa heshima, kisha mkasi ukianza kuzipunguza zile ndevu, taratibu mno, kimya kirefu kati ya mkato na mkato. Hakuchungulia. Alipuliza puto mpaka likang'aa, akalifunga, akalipaka povu. Alikuwa hajawahi kulitazama kwa karibu. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole vyake upande wa pili, na mumewe alikuwa amewekwa mbele ya kitu hiki kila siku, na mkono ule, na yeye ndiye aliyemwekea. Akaugusisha wembe. Mstari wa kwanza ukatoka safi. Wa pili pia. Akaanza kujiamini, kama alivyozoea kujiamini kule mbele, akageuza mkono kwa madaha kidogo.

Pa!

Kule mbele mzee akaruka, kiti kikalia.

"Tulia, mjomba," alimsikia mumewe akisema. "Ni puto tu."

Sauti ilikuwa na furaha ndani yake. Kidogo, imefichwa vizuri, mtu mwingine asingeisikia; lakini yeye aliijua furaha hiyo tangu inapozaliwa, na hakuwa na haki ya kuilalamikia. Ikamchoma, na alikubali imchome. Akajifuta povu machoni, akatoa puto jingine kwenye pakiti, akapuliza mpaka likawa la kutosha. Akalishika puto shingoni ili alifunge, asilifunge.

Akaongeza pumzi moja. Kisha nyingine.